Historia ya Marehemu Bi Vipimo, Aliyepaswa Kuripoti Chuoni Leo

Ndugu, majirani, na ninyi mliokuja na sare kwa sababu mmetoka zamu mkanyoosha moja kwa moja hapa, mimi ni kaka mkubwa wa marehemu, fundi umeme, si msemaji, na familia imenituma nisome karatasi hii ambayo nimeiandika mara nne, na kila nikifika mwisho naona kama nimeandika habari za mtu mwingine, kwa hiyo nikisita mnivumilie.

Mdogo wetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Bi Vipimo, alizaliwa siku ya Jumatatu tarehe 14 Machi 1988, akiwa mtoto wa tatu na kitinda mimba wa mama yetu mshonaji, huyu aliyeketi hapa mbele, na marehemu baba yetu aliyekuwa mpiga chapa, na jina hilo la utani alilipata nyumbani kabla hajalipata kazini, kwani tangu akiwa mdogo alikuwa akichukua futi ya kushonea ya mama na kupima kila kilichosimama na kilicholala, mlango, paka, pua ya baba akiwa usingizini, kisha anaandika.

Alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1995 hadi mwaka 2001, sekondari kuanzia 2002 hadi 2005, akajiunga na kozi ya uuguzi msaidizi mwaka 2007 na kuhitimu tarehe 28 Novemba 2008, na tarehe 2 Februari 2009 akaajiriwa katika zahanati iliyo nyuma ya soko, ambako alidumu miaka kumi na tano na miezi saba, katika chumba kile cha pili kushoto chenye benchi lililopasuka, na sidhani kama hapa kuna mtu mzima ambaye hajawahi kukunja mkono wa shati akapimwa naye presha na kugombezwa kuhusu chumvi.

Tarehe 22 Desemba 2012 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi wa kuchomelea mageti, ambaye walikutana hapohapo chumba cha pili alipokwenda kupimwa, presha ikaonekana iko juu, naye akadai kosa ni la mpimaji, na Mungu akawajalia watoto wawili, wa kike aliyezaliwa tarehe 9 Mei 2014 na wa kiume aliyezaliwa tarehe 30 Agosti 2019.

Siku ya Alhamisi tarehe 17 Juni 2021, daktari wa zahanati akiwa semina, aliletwa mama mjamzito ambaye mdogo wetu alimpima presha, akaona hatari, akajua na dawa inayotakiwa, lakini kwa cheo chake hakuruhusiwa kuiandika, basi akakaa amemshika mkono kwa muda wa saa mbili na nusu hadi gari la wagonjwa lilipofika, na ingawa mama yule alipona na leo tuko naye hapa, mdogo wetu alirudi nyumbani akasema amechoka kuwa mtu wa kupima tu, anataka kusomea utabibu msaidizi, awe yule anayemwona mgonjwa, anajua kinachomsumbua na kumwandikia dawa, daktari akiwa juu yake kama mwangalizi.

Ndipo likaanza lile daftari la jalada gumu ambalo limetutoa jasho sote, kwa sababu kwa miaka mitatu kila likizo yake iliishia kwenye vyuo, akilinganisha kozi ya miaka miwili na ya miaka mitatu, wiki ngapi darasani na wiki ngapi wodini, wanafunzi wangapi wanazunguka kitanda kimoja, wangapi wanafaulu mtihani wa leseni kwa mara ya kwanza, na majibu hakuyachukua kwa wakuu wa vyuo, aliyachukua kwa wafagizi na kwa wanafunzi waliopanga foleni ya chakula, hadi mimi nikamwambia mtu hachagui chuo kama anakagua mchumba, naye akanijibu kwamba mchumba ndiye ambaye hakumkagua, ndiyo maana anafua vumbi la chuma kila Jumamosi.

Vilibaki vyuo vitatu, na sote tulimshinikiza achukue cha kwanza, cha miaka miwili, ambacho angekwenda kwa miguu na kurudi kwa watoto jioni, lakini alikikataa baada ya kuona wodini msimamizi akisaini rundo la vitabu vya mazoezi ya wanafunzi huku anaongea na simu, cha pili chenye ghorofa na vioo akakikataa kwa kosa hilohilo, na akachagua cha tatu, cha miaka mitatu, mwendo wa saa saba kutoka hapa, kwa sababu huko alimkuta mama mmoja msimamizi akimrudishia mwanafunzi kitabu chake, mwanafunzi anabembeleza karibu alie, na yule mama anarudia tu, "Sijakuona ukifanya, sisaini," na chini ya maneno hayo kwenye daftari ameandika neno moja, "Hapa."

Barua ya kukubaliwa ilifika tarehe 5 Agosti 2024, ikimtaka aripoti leo, Jumatatu tarehe 16 Septemba, kabla ya saa nne asubuhi.

Kila historia ya marehemu ina sehemu ya ugonjwa, na mimi nilipofika hapa nilikaa na kalamu mkononi nisijue niandike nini, kwa sababu mdogo wetu hakuugua, aliumwa kichwa wiki mbili akasingizia miwani, na siku ya Jumatano tarehe 11 Septemba alikuwa akipiga pasi sare zake mpya, akamwomba mumewe maji, na maji yalipofika alikuwa ameanguka kando ya meza, hospitali wakapima presha wakakuta 230 kwa 140, mshipa umepasuka kichwani, na saa kumi na moja na dakika ishirini jioni akafariki, akiwa na umri wa miaka thelathini na sita, na pasi, tulipokumbuka kuizima, ilikuwa bado ya moto.

Sasa nasoma jambo ambalo mama ameagiza lisomwe, na mhusika mwenyewe, daktari wa zahanati, ameomba lisomwe, kwamba chuo kilimtaka alete fomu ya uchunguzi wa afya, na siku ya Ijumaa tarehe 6 Septemba, foleni ya wagonjwa ikiwa ndefu, yeye mwenyewe alijaza sehemu ya daktari kwa mwandiko wake, akaandika presha 118 kwa 76, namba ambayo muuguzi mwenzake ametuambia ni ya miaka mitano iliyopita alipokuwa na mimba ya mtoto wa pili, akampelekea daktari mlangoni, daktari akacheka akasema, "Wewe tena nikupime nini?" akaiweka gotini, akasaini, akapiga muhuri.

Mdogo wetu aliyekataa vyuo viwili kwa saini za namna hiyo, mimi hadi sasa hainiingii akilini, nimekasirika na sijui nimkasirikie nani, maana nikitaka kumkasirikia daktari naona mwandiko wa dada yangu.

Alhamisi asubuhi daktari alikuja, akakaa chini mbele ya mama, akasema, "Mama, nilisaini bila kumpima," na mama akamwambia, "Alikupa karatasi ukaipokea, nyote wawili mlikuwa mnajua, sasa nenda ukawapime hao waliobaki," na Ijumaa zahanati ilichelewa kufunguliwa kwa saa moja, wafanyakazi walikuwa wanapimana, na wawili wao wameanza dawa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali waliohangaika naye hadi dakika ya mwisho, majirani waliochukua watoto bila kuombwa, wafanyakazi wenzake wote, pamoja na daktari, ambaye tunamwomba asikae huko nyuma, aje akae na familia, na tunamshukuru yule mama msimamizi wa chuo cha tatu, ambaye leo saa nne na robo alipiga simu kuuliza mwanafunzi wake yuko wapi, nikamweleza, naye akauliza nani alimpima kabla ya safari, na nikamjibu hakuna aliyempima.

Mdogo wangu, ulisimama miaka kumi na tano ukipima watu, sasa kaa chini. Pumzika kwa amani.