Ndege Hakuna Gulwe

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkurugenzi wetu Ndugu Seth. Ndugu Emilia, Mkuu wa Kituo hiki cha kudhibiti ndege waharibifu. Viongozi wa dini mliotufungulia kwa dua na sala. Ndugu wawakilishi wa wakulima mliotoka Mvumi, Mpwapwa na Kondoa. Ndugu wageni waalikwa. Wafanyakazi wenzangu, mliopo kazini na mliotangulia kustaafu. Mshereheshaji wetu Brighton, ambaye ameninong'oneza kwamba nina dakika tano. Na wewe Ndugu Zaidi, mgeni wangu, uliyekaa nyuma kabisa kwenye kiti cha plastiki karibu na kreti za soda. Wakubwa zangu, shikamooni. Wengine wote, habari za mchana.

Waliosema kabla yangu wamesema itifaki imezingatiwa, wakaendelea na yao. Mimi mniwie radhi, kwa sababu naona haijazingatiwa. Ingezingatiwa, Zaidi angekaa pale mbele penye kitambaa na maua, na mimi Restuta ningekaa kwenye kreti. Nitaeleza kwa nini, na Brighton, mwanangu, itabidi univumilie zaidi ya dakika tano.

Kwanza nishukuru kwa kuniaga leo ninapostaafu. Mmenipa kalamu nzuri kwenye kisanduku chake, na mmenipa ngao hii ya kioo iliyoandikwa "Kwa Bibi Restuta, mjuzi wa ndege wa Dodoma". Chini ya maandishi kuna picha ya ndege mwenye mdomo mkubwa kama ndizi mzuzu. Ni ndege mzuri sana. Nimetembea nyanda hizi miaka thelathini na nne, kutoka mbuga za Bahi hadi milima ya Kondoa, na sijamwona, kwa sababu hayupo Dodoma, hayupo Tanzania, wala hayupo Afrika. Fundi amemtoa kwenye simu yake. Simlaumu fundi. Lakini ngao hii imepita mikononi mwa kamati nzima, kamati ya ofisi ambayo kazi yake ni ndege, na hakuna hata mmoja aliyeuliza: huyu ni nani?

Ndugu wageni waalikwa, swali hilo ndilo nililofundishwa siku yangu ya kwanza kazini. Nilikuja hapa na cheti changu, binti wa Mvumi aliyekulia kwenye dungu akiwinga ndege wasile mtama wa mama yake, nikidhani nawajua. Kwangu mimi kila kijindege cha kahawia kilikuwa kweleakwelea, na kila kweleakwelea alikuwa adui. Wakanipa mwongozaji, kibarua mmoja kutoka Kondoa aliyeishia darasa la saba. Nilipomwonyesha kundi la kwanza nikasema, "Hao hapo," alicheka hadi akashika baiskeli isianguke.

"Bibi Shamba," akaniambia, "hao ni minana. Unawahukumu kabla hujawauliza jina?"

Huyo ndiye Zaidi. Alinifundisha kwamba kweleakwelea ni mdogo kama shomoro, na dume wakati wa kuzaa huwa na mdomo mwekundu na uso mweusi kama aliyechungulia chunguni. Alinifundisha kwamba kundi lao husonga shambani kwa kupindukiana, walio nyuma wanaruka juu ya walio mbele, na kwa mbali unaweza kuapa ni moshi. Lakini siku wakiamua kuhama wanahama wote, asubuhi moja, na matete waliyolala yanabaki yameinama, yana mavi meupe na kimya. Mnana hahami hivyo. Mnana ana nyumba. Yule mweusi mkubwa hurundika miiba kwenye mgunga, na ndani ya rundo hilo kila mke ana mlango wake, na ugomvi wao unausikia kabla hujaona mti.

Alinionyesha kwenzi wa kijivu, mwenye mkia mrefu na jicho la rangi ya maziwa, ambaye hatembei na makoti ya buluu yanayong'aa kama binamu zake, na labda ndiyo maana hakuna anayempiga picha, ingawa nje ya nchi hii hutampata popote. Alinionyesha kasuku wetu wadogo: mwili wa kijani, kichwa cheusi, kola ya njano shingoni na duara jeupe kuzunguka jicho. Hulala kwenye matundu ya miti mikubwa, huenda maji wawili wawili, na wakitua tawini hukaa wamebanana hata kama tawi zima ni tupu. Zaidi aliwapenda hao kuliko wote. Wakipita alikuwa anasimamisha baiskeli, bila kujali tumechelewa kiasi gani.

Sasa nije kwenye siku yenyewe. Mheshimiwa Mgeni Rasmi, unaikumbuka. Ulikuwa umekalia kiti cha Mkuu wa Kituo kwa mwezi mmoja, nami nilikuwa naibu wako. Nimesikia hapa ukisifiwa kwamba wewe ni mtu wa maamuzi ya haraka. Nathibitisha. Sijapata kufanya kazi na mtu mwenye maamuzi ya haraka kama yako.

Wiki yako ya pili ulitoa waraka. Ulisema taarifa za wachunguzi wa porini zina maneno mengi, na ulikuwa na haki kwa kiasi fulani, maana Zaidi alikuwa akituandikia hadi habari za hondohondo. Ukaagiza kwamba mchunguzi atatuma ujumbe wa simu wenye maneno matatu tu: neno NDEGE, kisha KUNA au HAKUNA, kisha jina la mahali. Waraka huo ninao hapa. Una sahihi yako, Mheshimiwa, na sahihi yako haijabadilika.

Kiswahili chetu kimetupa neno moja kwa kiumbe chenye manyoya na kwa mashine yenye bati, lakini hakikutuacha gizani. Kiumbe tunasema hawapo, mashine tunasema haipo, na hata mtoto wa chekechea hachanganyi. Waraka ulifuta tofauti hiyo. "Hakuna" haisemi ni nani asiyekuwepo.

Ilikuwa mwezi wa nne, miaka kumi na miwili iliyopita. Kweleakwelea walikuwa wamelala kwa wiki mbili kwenye matete ya bwawa moja dogo ng'ambo ya reli, Gulwe. Zaidi alitumwa kuhakikisha kama bado wapo, ili ndege ya kunyunyizia dawa iruke jioni, wanapolala. Na ndege ile ilichelewa. Tangu asubuhi hapa ofisini tulikuwa tunapiga simu uwanjani, ndege iko wapi, ndege imejazwa mafuta, ndege inakuja, na wageni kutoka makao makuu walikuwa kwenye viti wakisubiri kuishuhudia. Saa kumi na moja jioni simu ya ofisi ikalia. Nikasoma kwa sauti: "Ndege hakuna Gulwe."

Ukasema, "Na huyu naye analalamika kwamba ndege haijafika! Mwambie rubani aruke sasa hivi."

Mheshimiwa, wewe ulikosea kwa sababu ulikuwa na haraka na ulikuwa mgeni. Mimi je? Mimi nilikuwa nimefanya kazi na Zaidi miaka ishirini na mbili. Katika miaka yote hiyo hakuwahi hata siku moja kuuliza habari za ndege ya bati. Haikumhusu. Nilijua. Nilisema, "Mkuu, nimpigie kwanza?" Ukaitazama saa yako, ukawatazama wageni, ukasema hakuna muda. Nami nikaiweka simu mezani. Ingechukua dakika moja. Nimekuwa na miaka kumi na miwili ya kuifikiria dakika hiyo.

Ndege ilifika Gulwe jua likizama. Kweleakwelea walikuwa wamehama asubuhi ya siku iliyotangulia, wamekwenda upande wa Kongwa kula mtama wa watu. Zaidi alipoisikia ile ndege alitoka mbio kwenye matete, akavua shati, akalipunga kwa nguvu zote akipiga kelele irudi. Rubani akaandika kwenye taarifa yake kwamba mchunguzi wa chini alitoa ishara ya kukaribisha. Akamwaga dawa yote.

Kesho yake asubuhi nilikwenda. Niliwakuta minana chini ya migunga, mmoja bado ameshika jani la nyasi mdomoni alilokuwa akijengea. Niliwakuta kwenzi wa kijivu ukingoni, na tetere, na bundi aliyekula waliokufa naye akafa. Kasuku walikuwa kwenye mchanga karibu na maji, wawili wawili, wamebanana. Kweleakwelea hata mmoja hakuwepo. Zaidi alikuwa amechuchumaa katikati yao akiwa na shati lake mkononi. Alininyooshea simu yake, nikaona ule ujumbe.

"Bibi Shamba," alisema, "si niliandika kama mlivyotaka?"

Nilirudi ofisini nikaandika taarifa kwa mkono wangu huu kwamba operesheni ya Gulwe imefanikiwa kwa asilimia tisini na tano. Wiki iliyofuata wakulima walilalamika, wakaokota mizoga wakaileta, ikabidi apatikane mtu. Zaidi akapewa barua. Nayo ninayo. Inasema ameachishwa kazi kwa "uzembe, na kutumia lugha isiyoeleweka". Lugha isiyoeleweka, ndugu zangu! Mrangi aliyejifunza Kiswahili darasani aliandika maneno matatu yaleyale aliyoamriwa, kwa mpangilio uleule, na sisi wenye vyeti ndio tulioshindwa kusoma.

Mtauliza, mama huyu alikuwa wapi siku zote hizo? Nilikuwa ndani ya tundu la mti. Nimewatajia hondohondo. Jike lake, wakati wa kutaga, huingia kwenye tundu na kujiziba mlango kwa udongo, akaacha ufa mwembamba tu wa kupitishiwa chakula, na humo ndani hunyonyoka manyoya ya kurukia. Lakini yeye hufanya hivyo kwa ajili ya makinda, na wakati ukifika huupasua udongo akatoka. Mimi nilijiziba kwa ajili ya kiti changu. Nililishwa vizuri kupitia ufa, nikapandishwa cheo mara mbili, na leo mnanipigia makofi. Naona haya, na naomba msinipigie tena.

Zaidi anabeba magunia Majengo, kwenye maduka ya nafaka. Mtama uleule aliokuwa akiulinda sasa anaupakia mgongoni. Aliomba kazi ofisi tatu, na kila mahali waliomba barua yake ya mwisho. Mwenye barua kama ile nani atamwajiri? Kila nikienda kununua unga ananisalimia kabla sijamwona. Hajawahi kuniuliza kwa nini sikupiga simu. Mwaka jana alitua gunia, akajifuta jasho, akaniuliza jambo moja tu.

"Bibi Shamba, wale kasuku wa Gulwe wamerudi?"

Nikasema bado.

Akasema, "Ukienda tena, niangalizie." Akalibeba gunia lake akaondoka.

Nilikwenda, Zaidi. Nilikwenda mwezi uliopita, kwa nauli yangu, nikakaa ng'ambo ya reli tangu asubuhi hadi mchana. Matete yameota. Minana wamejenga upya na wanagombana kama kawaida yao. Kwenzi niliwaona watatu. Kasuku sikuwaona. Nakuambia mbele ya watu hawa kwa sababu ni taarifa ya kazi, na wewe ndiye uliyenituma.

Ndugu wafanyakazi vijana, mnazo mashine za kisasa zinazoruka bila rubani, mna ramani kwenye simu, na mnaandika taarifa zenye rangi. Nawaonea wivu. Lakini nimewasikia mkisema "ndege" kama mtu anayesema "takataka". Mkishindwa kumwita kiumbe jina lake mtamwua bila kujua mmemwua nani, na kisha mtatafuta kibarua wa kumbebesha.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sikukualika ili nikuaibishe. Nimekualika kwa sababu ni wewe tu unayeweza kuifuta ile barua, na kwa sababu kwa njia ya masjala nimeomba mara tatu na mara tatu faili halikuonekana. Kwa hiyo nimeandika barua mpya. Ina sentensi mbili. Ya kwanza inasema: "Siku ya operesheni, Ndugu Zaidi alitoa taarifa sahihi kwamba ndege aina ya kweleakwelea hawakuwepo Gulwe." Ya pili inasema: "Kosa la kuirusha ndege lilikuwa letu." Nimehakikisha kila kitenzi kiko mahali pake, hawakuwepo ni hawakuwepo, ili safari hii asipatikane wa kusema hakuelewa. Kwenye jina langu nimeshatia sahihi. Nafasi iliyobaki ni ya mkuu wa kituo wa wakati ule.

Nawashukuru nyote kwa chakula, kwa nyimbo, na kwa ngao yenye ndege wa mbali. Nakushukuru, Ndugu Emilia, kwa kuniachia kipaza sauti ingawa nimekuona ukimkonyeza Brighton. Nakushukuru, Zaidi, kwa kuja, na kwa kuacha kazi ya siku nzima bila kujua nimekuitia nini. Asanteni nyote kwa kunisikiliza hadi hapa.

Mheshimiwa, kalamu mliyonizawadia hii hapa. Bado haijaandika kitu.