Usiguse, Nitarekebisha Kesho

Mheshimiwa Mwenyekiti wa jumuiya yetu ya programu huria, ndugu wageni waalikwa, waandishi wa programu wenzangu, na wewe shemeji, mke wa marehemu kaka yangu, unayestaafu leo huku ukinitazama kwa jicho la "usinitie aibu": hamjambo nyote?

Ndugu wageni, ndani ya msimbo wa programu, yaani amri tunazoiandikia kompyuta, huwa tunaachiana maelezo. Kompyuta inayaruka, anayeyasoma ni binadamu. Shida ni kwamba msimbo hubadilika, na maelezo yanabaki palepale yakidanganya watu. Programu yetu inatunza diski za hospitali. Anayeamini maelezo yaliyopitwa na wakati anaweza kufuta mafaili ya wagonjwa. Nani basi atakaa kuyasafisha, wakati kila mtu anataka kujenga kipya apigiwe makofi? Ni huyu shemeji yangu, tunayemwita Bi Fagio. Husoma maelezo, akasoma msimbo, akaujaribu, ndipo aamue nani mwongo. Aliwahi kukuta pameandikwa: ukikwama, muulize kijana wa meza ya dirishani. Jamani, kijana huyo sasa ana wajukuu, na dirisha lenyewe lilishazibwa!

Lakini kulikuwa na mstari mmoja ambao hata yeye hakuugusa. Kaka, aliyeianzisha programu hii, aliandika: "Usiguse. Nitarekebisha kesho." Akaugua, hakurudi. Kwa miaka tuliupita mstari ule kimyakimya, na kasoro iliyo chini yake tukaizungukazunguka tu.

Mwezi uliopita shemeji akasema hastaafu akiiacha kasoro ile. Nikamjia juu, nikamwambia anataka kumfuta kaka yangu, nikanuna, hata simu zake sikupokea. Niliumia, nasema wazi. Akanifuata ofisini, akavuta kiti.

"Shemeji," akasema, "kaka yako hakutuomba tumtunzie maneno. Alitaka parekebishwe. Njoo tuparekebishe."

Tulikaa kutwa nzima tukibishana, tukicheka jinsi kaka alivyokuwa akiandika haraka-haraka. Majaribio yote yalipopita, akanisogezea kibodi niufute mstari mimi. Nikaufuta.

Shemeji, nenda kapumzike; fagio nimelipokea, na ukinipigia simu nitapokea. Leo asubuhi nimepafungua tena pale. Msimbo unafanya kazi, na juu yake hakuna neno hata moja. Ile kesho ya kaka imefika.

Nawashukuruni nyote kwa kunitegea sikio.