Kofia za Dirishani

Muuza dawa hakukusudia kusikiliza, ila mkuu wa zamu na mkufunzi wa polisi walikuwa wamekaa kiti cha mbele yake ndani ya basi.

"Afande, umenichukulia askari tisa wiki nzima kwa mafunzo yako," mkuu wa zamu alisema. "Nimebaki na wawili. Kofia za wengine nimezitundika dirishani, watu wadhani tumo."

Muuza dawa, aliyezipita kofia hizo kila siku akijiona salama, akasogea mbele asikie zaidi.

Mkufunzi hakucheka. "Na yule mama aliyekuja kumshtaki mumewe? Askari wako alimwambia arudi nyumbani wakayamalize. Amezikwa Ijumaa. Hawajafundishwa hao."

"Sasa leo akija mwingine, atasikilizwa na kofia?"

Asubuhi ile ile muuza dawa alikuwa amemwambia bintiye, "Mumeo akitokea tu, mwanangu, kimbilia kituoni."

Basi likasimama mbele ya kituo. Wale wawili wakashuka huku bado wanabishana. Muuza dawa akachungulia nje. Kofia tisa zilikuwa zimepangwa vizuri dirishani, na chini yake, kwenye benchi, bintiye alikaa pekupeku, mtoto mgongoni, akisubiri.