Mama Nzembi na Mtaro wa Mwisho

Mama Nzembi Wachira alizaliwa mwaka wa 1941 huko Kathiani, Machakos, binti wa Mzee Mutinda. Kwao, kiangazi kilipobana, walifukua mchanga wa mto mkavu kupata maji, na majirani wakachimbiana mitaro ya mashamba kwa zamu. Kazi hiyo ya pamoja waliiita mwethya.

Alisoma hapo Kathiani hadi karo ilipokatika. Mwaka wa 1961 aliajiriwa kuwa mpishi katika shule moja ya Loresho, Nairobi, akapika hadi kustaafu 1996.

Disemba 1964 alifunga ndoa na Mzee Jamleck Wachira, akaja kuishi hapa Satellite. Wakwe walimcheka alipotaka kuchimba mitaro mahali ambapo mvua hainyimi mtu. Alicheka nao, kisha akaomba jembe.

Mwaka wa 2000, kifungua mimba wake, Ndegwa, alichimba mtaro akatupa udongo upande wa chini wa mteremko kwa sababu ni rahisi. Mvua ya kwanza ikabeba udongo, mbolea na mbegu hadi jikoni kwa jirani, Baba Were. Mama alienda kuomba msamaha na ufagio mkononi. Aliporudi alisema, “Wewe Ndegwa, mchanga inatupwa juu! Hii maji tunashika, hatuisindikizi kwa watu.” Ndegwa, mtu mzima na baba wa watoto, akaurudia mtaro wote.

Mabomba yalipokauka mwaka huu, sukumawiki yake haikunyauka. Majirani walikuja kuuliza, naye akawapanga kuwa kikundi cha mwethya, wachimbiane mitaro kwa zamu. Shamba la mwisho katika zamu lilikuwa la Baba Were.

Moyo ulianza kumsumbua Julai. Akiwa amelazwa, alimuuliza bintiye, “Ciru, mmemaliza kwa Baba Were?”

“Bado, Mum.”

“Na mvua iko njiani? Sasa mnaniangalia hapa mkifanya nini?”

Akatufukuza wodini, familia na wana mwethya. Tulikuwa mtaroni Jumatano, tarehe 14 Oktoba 2009, simu ilipoingia kwamba ametutoka. Iliuma sana, na bado inauma.

Ameacha mumewe, Mzee Jamleck. Watoto Ndegwa, Ciru na Muli. Wajukuu, na mwethya wake wote.

Mtaro wa kwa Baba Were haujaisha. Tukitoka kaburini, kabla ya chakula, majembe yako nyuma ya hema. Wageni wanaombwa kukumbuka: udongo unatupwa juu.

Pumzika kwa amani, Mama. Leo tunamaliza.