Chung Ting-fu, Aliyesimama Miaka Tisa

Ndugu waombolezaji, familia imenituma niwasomee maisha ya mzee wetu Chung Ting-fu, aliyezaliwa tarehe 9 Machi 1953 hapa Meinong, mtoto wa tatu wa mzee Chung A-lai na mama Liu Yin-mei, wakulima wa tumbaku.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1965 na sekondari 1968, na mwaka 1973 akaitwa jeshini, ambako mgongo ulianza kumkakamaa kila alfajiri, ofisa wake akamwita mvivu, kumbe ni baridi yabisi ya uti wa mgongo, iliyoshuka hadi nyonga zikagandamana, na kuanzia 1977 hakuweza tena kukaa.

Alitafuta kazi isiyodai kiti, akauza tofu, jibini ya soya, sokoni, akila wima na kupumzika kwa kuegemea ukuta, na hapo ndipo mshonaji wa kibanda cha pili, Wen Chiu-lien, alipomwambia, "Kaka Ting-fu, mimi nakaa kutwa, wewe unasimama kutwa, tuchanganye tupate mtu mmoja mzima." Baba yake Chiu-lien alikataa katakata: "Simwozi binti yangu mtu wa kuegeshwa kama ngazi!"

Mwaka 1986 madaktari wa Kaohsiung walikubali kumwekea nyonga za bandia, lakini shingo nayo ilikuwa imeganda, na mrija wa kumpumulisha akiwa kwenye nusukaputi ungeweza kukosa njia kooni, akafa. Mama yake alilia, "Bora nikuone umesimama kuliko nisikuone kabisa," naye akajibu, "Mama, nimechoka." Mrija ulipitishwa akiwa bado macho, kabla ya nusukaputi, tarehe 14 Mei ikabadilishwa nyonga ya kulia, Agosti ya kushoto, na baadaye alikiri kwamba kisu hakukiogopa, aliogopa kuamka akiwa vilevile.

Tarehe 5 Oktoba alikaa mezani kwa baba yake Chiu-lien, akishuka taratibu, jasho likimtoka, hata mzee akamsogezea bakuli la tambi, akasema, "Kula, mkwe, zinapoa."

Walioana tarehe 20 Desemba 1986, wakajaliwa Pei-chun, 1988, na Yung-hao, 1991. Nyonga ya kulia ilichakaa, ikabadilishwa tena 2008, na tangu hapo kila Alhamisi alikwenda wodini, akakaa na kuinuka mbele ya wagonjwa walioogopa upasuaji.

Mwezi uliopita kifua kilimbana, na tarehe 2 Novemba 2023, saa nne asubuhi, akafariki, Chiu-lien akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotupikia, wenzake wa sokoni mliofunga vibanda leo, nanyi wa wodini mliokuja kwa magongo.

Mzee wetu, safari imekwisha, pumzika salama.