Sahani Iliyorudi na Kawa Lake

Kijiwe cha Abasi muuza kahawa kilikuwa taruma moja kuukuu la reli, limelazwa juu ya mawe mawili kwenye kona ya mtaa wa Ng'ambo, Tabora, na mtu asiyekuwa na nafasi yake juu ya taruma lile alihesabika mpita njia tu. Mwaka wenyewe ulikuwa ule wa ukame. Unga wa dukani ni wa yanga, yale mahindi ya njano, nyama imegeuka hadithi, maharage unayasikia kwa jirani, na kitu pekee kilichoshuka sokoni kila siku bila kuchoka ni kabeji, zilizomwagiliwa kwa ndoo mabondeni na wanavijiji wa ujamaa wa njia ya Sikonge. Kabeji kubwa, nzito, bei ya kutupa. Wengine wangeshukuru. Wanaume wa kwenye taruma wakaona wameonewa.

Sasa desturi ya mtaa ule ilikuwa hivi. Baada ya magharibi kila nyumba ilitoa sahani yake, imefunikwa kawa la ukindu, ikawekwa hapo kijiweni, na wanaume wakala pamoja, Mwislamu na Mkristo, hakuna anayeuliza hiki ni cha nani. Kufunua kawa na kutia mkono ilikuwa heshima kwa aliyepika. Kuirudisha sahani kwa mwenyewe, kawa halijaguswa, ilikuwa sawa na kumwambia mwanamke wa nyumba ile kwamba mkono wake haufai. Tusi la namna hiyo lilikuwa halijawahi kutolewa pale, mpaka jana.

Aliyelianzisha ni Nassibu, waliyemwita Redio kwa sababu habari zote za dunia zilipitia kwake na nyingine zilianzia kwake. Mchana wa jana alitangaza mgomo. Kuanzia jioni ile, alisema, sahani ya kabeji isifunuliwe kijiweni, na atakayeifunua nafasi yake juu ya taruma imekwenda. Wakaitikia wote. Mzee Shomari, mstaafu wa reli, ambaye kijiweni jina lake ni Stesheni, akaitikia. Damas seremala, waliyemwita Askofu kwa alivyozungumza taratibu kama anabariki, akaitikia. Na Mfaume fundi cherehani, ambaye miaka yote hakuwa na jina la utani kwa kuwa hakuwa na neno, naye akatikisa kichwa.

Wenzake walikwenda nyumbani wakawaambia wake zao: kabeji basi. Mfaume hakumwambia mkewe. Alimjua Mwanajuma. Kwa hiyo jioni sahani yake ikaja kama kawaida, ikanukia kijiwe kizima, Abasi akaichukua kwa mikono miwili akaenda kuiweka kizingitini kwa Mfaume, kawa juu. Mfaume aliendelea kunywa kahawa akitazama kikombe.

Aliporudi nyumbani alimkuta Mwanajuma ameketi kando ya sahani ile kama mtu anayelinda mzigo wake stesheni.

— Walifunua?

— Hawakufunua.

— Na wewe?

Mfaume akainama kuvua viatu.

— Basi sikiliza, mume wangu. Mimi si mwanamke wa kurudishiwa sahani. Kesho naipeleka tena, na ni kabeji. Ikirudi na kawa lake, keshokutwa napanda gari moshi, narudi Tura kwa kaka yangu. Utabaki na taruma lako.

Hakupandisha sauti. Mwanajuma akisema jambo kwa sauti ile, limekwisha.

Ndiyo maana leo Mfaume alikaa juu ya taruma kama amekalia miiba. Wenzake hawakuwa na habari. Walikuwa wamewashwa moto na mgomo wao, na kila kikombe cha kahawa kilizidi kuwapandisha. Stesheni alianza kwa kusema kabeji inalegeza magoti, yeye ameliona hilo kwa macho yake kazini. Kulikuwa na kikosi cha vibarua wa reli kilicholishwa kabeji kambini, na pale walipotandika njia, reli ina kona mpaka leo, na kona ile haikuwa kwenye ramani.

— Kona ipi? aliuliza Abasi.

— Kabla ya Tura. Ukipita utaegemea dirisha.

Kusikia Tura, Mfaume akateremsha kikombe.

Askofu naye hakutaka kuachwa nyuma. Alieleza kwa utulivu kwamba babu yake alikuwa mpagazi, amebeba pembe kutoka hapa Unyanyembe hadi pwani na kurudi kwa miguu, na msafara wote ule ulikwenda kwa mtama na karanga. Jani halikuguswa. Babu yule angekula kabeji, alisema, pembe ile ingekuwa imelala njiani mpaka hii leo, na mwenye pembe angali anamtafuta. Kisha akaongeza kwamba alishaipitia Biblia nzima, kabeji haimo.

Redio aliwaacha wamalize. Mtu wa habari kubwa hana haraka.

— Nyinyi mnazungumzia magoti. Mmewahi kuona jani lenye tabaka kama betri? Kitu chenye tabaka kinanasa sauti. Mabeberu wameshindwa kutusikiliza kwa njia zote, sasa wanatusikilizia tumboni.

— Tumboni mwako watasikia nini, Redio, alisema Stesheni, zaidi ya kahawa?

— Cheka tu. Mji huu umejengwa na watu wasiokula kabeji. Misafara imepita hapa, wamekuja Waarabu, akaja Mjerumani, akaja Mwingereza, wote wameondoka, mji umebaki. Sasa sisi wenye nchi yetu tukiila hii kabeji, mji unaanza kubomoka. Utaanza na stesheni, halafu soko, mwisho hili taruma.

Askofu akalipapasa taruma kwa kiganja, kuona kama limeanza.

Mfaume hakuwa anawasikia tena. Alikuwa anaikumbuka wiki iliyopita, jinsi alivyokula mchana nyumbani, mapishi ambayo kijiweni hayakuwa yamefika. Kwa wenzake kabeji ilikuwa kitu kimoja tu: inakatwa vipande kama matofali, inatiwa magadi, inachemshwa hadi inapoteza rangi na jina. Kwa Mwanajuma hakikuwapo chakula hicho. Jumatatu aliikata nyembamba akaiunga kwa karanga za kusaga. Jumanne akaikaanga kavu na dagaa wa Kigoma waliookwa kwanza juu ya makaa. Siku nyingine akapata mchele kidogo wa Igunga, akaupika pamoja na kabeji na bizari, sufuria ikawa imejaa na mchele wenyewe ni konzi moja. Siku nyingine akayalainisha majani kwa mvuke, akafungia humo kunde zilizopondwa na kitunguu, na Mfaume akadhani ni sikukuu. Majani ya nje, yale magumu ambayo wengine huwatupia mbuzi, aliyaanika juu ya paa kama wanavyoanika majani ya kunde kule kwao, akiba ya mbele. Shina alilichonga akalitafuna mwenyewe na chumvi huku akipika. Mume mwenye mke wa namna ile, Mfaume aliwaza, jana alikaa kimya akitazama kikombe. Aibu ikamwasha usoni.

Adhana ya magharibi ikapita, Waislamu wakaenda kusali wakarudi. Sahani zikaanza kuja. Kwa Stesheni ugali. Kwa Askofu ugali. Kwa Redio ugali, na kijisahani cha chumvi kilichowekwa kwa kishindo, kwa maana wake zao walikuwa wametii amri neno kwa neno: kabeji basi, na zaidi ya kabeji hapakuwa na kitu.

Kisha akaja Mwanajuma mwenyewe. Amejitanda kanga, sahani mkononi, kawa juu. Wanaume wakakaa vizuri. Aliwasalimu kila mmoja kwa heshima yake, akampa Mzee Shomari shikamoo kamili, akaiweka sahani juu ya jiwe mwisho wa taruma.

— Hii ni kabeji, alisema. Nimewaambia mapema ili msipate taabu ya kunusa.

Akageuka akaondoka. Hakumwangalia Mfaume hata mara moja, na hilo ndilo lililomkata maini.

Redio akasafisha koo, akakumbusha sheria. Abasi ataipeleka baada ya kula, kama jana. Wakanawa, wakaanza kula ugali wa yanga kwa chumvi, na wakaanza pia kuusifu, kwa kuwa mgomo bila sifa unakuwa njaa tu. Askofu alisema ugali mtupu unamrudisha mtu kwenye asili. Stesheni alisema hata reli ilijengwa hivi hivi, kisha tonge likamkwama na ikabidi apigwe mgongoni na kupewa maji. Harufu ya karanga ilikuwa inatoka chini ya kawa, inapita mbele ya pua zao mmoja mmoja, na kila ilikopita mtu aligeuza uso.

Hapo ndipo akatokea mgeni, Msukuma mrefu, nguo zimejaa vumbi na grisi. Alisema anaitwa Ng'washi, ni utingo wa lori la mchele kutoka Igunga, springi imekatika, dereva ameenda kutafuta fundi, naye tangu asubuhi hajatia kitu kinywani. Akaamkia, wakamwitikia marahaba, wakamkaribisha chakula, maana mgomo au si mgomo, mgeni hawezi kupita watu wakila.

Ng'washi akanawa. Akamega ugali, akauviringisha vizuri kiganjani, akatia shimo kwa kidole gumba kama anavyofanya mtu yeyote, kisha mkono ukanyanyuka ukatafuta pa kwenda. Ukaenda kushoto, pana ugali. Ukaenda kulia, pana ugali. Ukabaki hewani na tonge lake.

— Samahani, wazee wangu. Mboga iko wapi?

Nakwambia, kijiwe kile kilichokuwa na jibu la kila kitu, kuanzia mabeberu hadi kona ya Tura, kilikosa neno. Redio aliinamia viatu vyake. Stesheni akatazama upande wa reli kana kwamba kuna gari linaingia. Askofu akafumba macho. Mgeni akawatazama kwa adabu, akisubiri, kwa kuwa hakuwa ameuliza jambo gumu.

Mfaume alilitazama lile tonge hewani. Akaona gari moshi la Tura, akaona nyumba yake bila mtu jikoni, na akaona kwamba vyote hivyo atavipata kwa kukaa tu kimya kidogo tena, kama alivyozoea. Hasira ikampanda, nyingi juu ya nafsi yake mwenyewe. Akainuka, akaenda kwenye jiwe, akaichukua sahani.

— Mboga hii hapa. Ni ya mke wangu, Mwanajuma.

Akalifunua kawa mbele yao wote. Kabeji imekatwa nyembamba kama nyuzi, imelala ndani ya karanga, dagaa wamechomoza huku na huku, na pembeni moyo wa kabeji, mbichi, umekamuliwa ndimu na kutiwa pilipili.

— Mfaume, alisema Redio polepole, sheria unaijua.

— Naijua. Nafasi yangu nimeiacha, kaa wewe, nyoosha miguu. Jana mlimrudishia mke wangu sahani nami nimo humu humu, nimefunga mdomo. Leo mdomo nimeufungua, na kwanza nitakula.

Akaketi chini, mavumbini, akaiweka sahani mbele ya Ng'washi, akatia mkono. Mgeni hakungoja kuambiwa mara ya pili. Alichovya, akatafuna, akasimamisha taya, akachovya tena, na hakusema kitu mpaka tonge la tatu, aliposema kwao Igunga mtu anayepika hivi hukaribishwa harusi zote.

Askofu ndiye aliyeteremka wa kwanza, akiwa na sahani yake ya ugali mkononi, akasema Biblia haijaikataza vilevile. Stesheni akashuka akilalamika kwamba magoti yake yameharibika tangu enzi za Mwingereza, sasa kabeji itayaongezea nini. Abasi aliacha dele lake juu ya makaa, kahawa ikaungua, hakuna aliyejali. Redio alibaki peke yake juu ya taruma lote, chumvi mkononi.

— Ina karanga kweli? aliuliza baadaye.

Midomo ilikuwa na kazi. Alipofika chini, sahani ilikuwa imebaki ukingo, naye akaupangusa kwa tonge mpaka bati likaonyesha uso wake.

Mfaume hakumtuma mtu. Alilikwapua kawa akalitia kwapani, akaishika sahani wazi mkononi, akapita katikati ya njia ambako kila mlango ungeiona. Wanawake walikuwa barazani mwao. Wake wa Redio na wa Stesheni walisimama kuitazama sahani ile ilivyopita, kisha wakatazamana.

Mwanajuma alikuwa kizingitini, kitita cha kanga kimefungwa kando yake. Alitazama ndani ya sahani kabla ya kumtazama mumewe.

— Nimetoka kwenye taruma, alisema Mfaume.

— Umekaa wapi?

— Chini.

Mwanajuma akalifikiri hilo. Kisha akakivuta kitita, akafungua fundo, na katikati ya nguo zake akatoa kisu cha jikoni alichokuwa amekifungasha aende nacho Tura. Akampa, mpini mbele.

— Kesho ni kabeji tena, na utakata wewe. Nyembamba, unavyokata upindo. Wake za wenzako watakuja kujifunza, nimewaona walivyoitazama sahani, usinitie aibu.

— Nikatie jikoni?

— Barazani. Wakuone.

Mfaume akajaribu makali ya kisu kwa kidole, akaona ni butu, akaenda kutafuta jiwe la kunolea.