Mbwa wa Nyumba Kumi

Mwaka ule askari waliporudi kutoka Uganda, sukari, iliyokwenda vitani pamoja nao, haikurudi. Kwa hiyo kahawa ya Mzee Amri pale kijiweni Nyakahura ilikuwa shubiri, na midomo ya walioinywa ilikuwa michungu zaidi. Alasiri hiyo Gozbert hakuigusa yake. Chini ya benchi alilala Kamanda, mtoto wa mbwa wa Kijerumani, sikio moja limesimama, jingine limeanguka. Padre wa misheni alimwachia Gozbert, mtunza bustani wake, alipokuwa akirudi Ulaya. Mkutano wa kijiji ukasema mbwa wa namna ile kuwa wa mtu mmoja ni ubepari. Akafanywa wa nyumba kumi, alinde ghala la mahindi, kila nyumba imfundishe kwa zamu. Gozbert akakatazwa hata kumshika, asije akamdekeza. Sasa Kamanda alikuwa amekula kuku wa kijiji, na katibu kata alikuwa njiani na bunduki: mbwa akiambiwa kaa akakaa, atapona, asipokaa, risasi. Gozbert alimpenda yule mbwa, na roho ilikuwa juu juu.

— Kaa! — akaamuru Shilinde, aliyeitwa Koplo kwa sababu alibeba maboksi ya risasi hadi Kyaka, akarudi.

Kamanda akamtazama, akapiga miayo.

— Mnaiona dharau hiyo? Jana nimempigisha kwata tangu jogoo la kwanza. Kushoto geuka hajui, kulia geuka hajui!

— Kwani mbwa ana kushoto? — akauliza Mzee Amri.

— Mbwa wa jeshi anako.

— Tatizo ni lugha, — akasema Faustini, ambaye yeye na redio yake waliitwa jina moja, Redio, hata siku ambazo haikuwa na betri. — Kwako wewe Msukuma, kaa ni igasha. Kwa Wahangaza kule juu, icara. Mke wangu Mhaya, shuntama. Mimi nimeshinda naye siku nzima namwambia rara.

— Ni lala, — Koplo akamsahihisha.

— Ndiyo, nimesema rara. Huyu ni Mjerumani, bwana! Aambiwe Kijerumani.

— Unakijua?

— Babu aliniachia neno moja. Hamsa-ishirini!

— Hicho si Kiarabu?

— Babu yangu alichapwa viboko ishirini na vitano na Mjerumani, Mzee Amri, si na Mwarabu.

Kamanda akajikuna.

— Samaki mkunje angali mbichi, — akasema Koplo. — Tumkunje miguu kwa nguvu.

— Mtamvunja, — Gozbert akasema.

— Kuvunjika kwa koleo siyo mwisho wa uhunzi.

Mzee Amri akacheka.

— Mbwa huyu ana akili kuliko ninyi. Amehudhuria mikutano yote. Ameona wanaosema tulime ndio wasioshika jembe, naye anasubiri achaguliwe.

— Sss! — Koplo akatazama barabarani.

— Wala siyo hivyo, — Redio akashusha sauti. — Padre alimwacha makusudi. Anasikiliza, anapeleka Ulaya. Sikio lile lililosimama mnalionaje? Eriali.

— Na lililoanguka?

— Betri zimekwisha.

— Jamani, — Gozbert akasihi, — katibu anakaribia. Akae mara moja tu, basi!

— Haraka haraka haina baraka, — Redio akamjibu mtu ambaye mbwa wake anakuja kupigwa risasi.

Ndipo mama mmoja akatua kikapu cha viazi vya kuchemsha karibu na benchi. Aliitwa Bernadetha, mgeni kutoka Kibimba, akingoja lori.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba, mama. Karibu kahawa.

Akainama, akazitazama mbavu za Kamanda.

— Huyu mtoto amekula nini leo?

Redio akamtazama Koplo.

— Zamu yangu ilikuwa ya mafunzo, — akasema Koplo. — Chakula ni cha shina zima, nyumba zote kumi.

— Shina ndiye nani?

Mzee Amri akakoroga birika lisilo na sukari. Gozbert akazipitisha moyoni zile nyumba kumi, moja baada ya nyingine, na aibu ikamshika: zote zilifundisha, hakuna iliyolisha. Na yeye mwenyewe, kwa kuogopa mkutano, alikuwa amekaa na mikono mifukoni. Ndiyo maana aliwala wale kuku!

Akaomba kiazi, akakimega. Kamanda alipokiona akaweka makalio chini, akatulia, akangoja. Hakuna aliyemwambia neno, kwa lugha yoyote.

— Mmeona! — Redio akajipiga paja. — Hamsa-ishirini imeanza kumwingia!

— Hamsa gani? Ni kwata hiyo!

Kengele ya baiskeli ya katibu ikalia konani.

— Mwache hapo hapo, Gozbert, — Mzee Amri akahimiza. — Katibu amkute amekaa.

Lakini Gozbert alikwisha kumwinua, akamfutika ndani ya koti pamoja na kiazi chake.

— Mwambieni katibu mbwa wa nyumba kumi amekufa kwa njaa. Huyu ni wangu.